Chumvi ya Baridi ya Mama Mkwe

Vijana wangu mnaojifunza kupima chumvi, kabla hamjanionyesha vyeti vyenu nionyesheni vidole. Enzi zetu mtu wa kazi hii alijulikana kwa ncha za vidole vyeusi tii, kama aliyeshinda akikwangua masizi ya vyungu. Ile ilikuwa nitreti ya fedha. Tone moja likikugusa huoni kitu. Ukitoka nje juani kidole kinaanza kugeuka, na hakuna sabuni itakayokusaidia mpaka ngozi ijibadilishe yenyewe. Nilipokwenda kuposa kule Mandewa, baba mkwe aliitazama mikono yangu, akamgeukia mshenga, akamwuliza kama huyu kijana wa Ulemo anachoma mkaa au anachimba makaburi. Mshenga akajibu, "Anapima chumvi ya serikali." Mzee alicheka mpaka akakohoa. Hakuwahi kusikia kwamba chumvi hupimwa kwa kitu kingine zaidi ya ulimi.

Basi nami nawaambia hapa hapa mwanzoni: ulimi uwekeni mbali. Sisi tulionja vitu ambavyo havionjwi, na tuliobaki tumebaki kwa huruma ya Mungu.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya boma la Singida, siku za Mwingereza. Tulipima maji ya visima, udongo wa kulambwa na ng'ombe, magadi na chumvi. Ninyi mnakiita chumba cha namna hiyo maabara. Watu wa mjini walikiita "kwa wapishi wa maji", kwa sababu kila walipochungulia walituona tunachemsha maji tu na hakuna chakula kinachoiva.

Aliyenifundisha ni Mzee Salimu, mtu wa Manyoni, ambaye aliwahi kuosha vyombo vya mpimaji mmoja wa Kijerumani na akaiba ujuzi wote kwa macho. Alikuwa mkali, hasa kwa mtu mwenye haraka. Siku zangu za kwanza alinipa waya mwembamba wa platini, akanionyesha jinsi ya kuuchovya kwenye asidi, kisha kwenye chumvi, kisha kuuingiza kwenye mwali wa moto. Mwali ukigeuka njano, ndani mna sodiamu. Ukiwa zambarau hafifu, mna potasiamu. Ukiwa mwekundu wa tofali, mna kalisiamu. Nikapima siku nzima kwa furaha. Kila kitu kilikuwa njano. Maji ya kisima, njano. Majivu ya mabua, njano. Nikaenda kumwambia kwamba nchi nzima ya Singida imejaa sodiamu.

Mzee Salimu akauchukua waya, akaufuta kwenye paji la uso wangu, akautia motoni. Mwali ukawaka njano kama ua la alizeti.

"Hongera, Mnyiramba," akasema. "Umepima jasho lako."

Tangu siku hiyo sikushika waya ule kwa vidole. Naye akanifundisha dawa ya ile njano inayofunika wenzake: kipande cha chupa ya buluu, ya zile za dawa. Ukitazama mwali kupitia kioo kile, njano inamezwa, na kama kuna zambarau ya potasiamu nyuma yake inajitokeza. Hiki kipande tulikipata kwa kuvunja chupa nyingi, maana si kila buluu inafanya kazi, na mpishi wa hospitali alikuwa akitufukuza jaani kwake kila alipotuona.

Jambo kubwa zaidi alilonipa yule mzee ni hili. Alisema kila chumvi ni ndoa. Kuna mume na kuna mke, na ukimjua mmoja tu hujaijua nyumba. Ninyi mnasema ioni chanya na ioni hasi, na mko sahihi, lakini mimi hadi leo nikiona chumvi naijulia hali kwa mlango wa mume kisha kwa mlango wa mke. Mwali wa moto unakupa mume: sodiamu, potasiamu, kalisiamu. Mke lazima umtafute majini. Nitreti ya fedha inamtafuta kloridi, na akiwepo maji yanaganda meupe kama maziwa yaliyokatika. Kloridi ya bariamu inamtafuta salfeti, na akiwepo unaona mashapo meupe mazito yanashuka chini.

Na hapo ndipo wengi mnapoanguka, maana kaboneti ya magadi naye anatoa weupe uleule kwa bariamu, kama jirani anayeitikia jina lisilo lake. Kwa hiyo tia asidi kwanza. Kama kuna kaboneti, itachemka povu na kuondoka zake. Weupe utakaokuja baada ya hapo, na asidi imo, huo ni salfeti bila ubishi. Asidi kwanza, bariamu baadaye. Mzee Salimu alitufanya tuimbe hivyo tukiwa tunaosha vyombo.

Nimewaeleza haya yote kwa sababu bila hayo hamtaelewa jinsi mama mkwe wangu alivyokaribia kuitwa mtoa sumu.

Ilikuwa wakati wa vita vya Hitla. Chumvi ya dukani iliadimika kabisa. Wanawake wa kando ya ziwa letu, ambao tangu zamani walichemsha chumvi wakati wa kiangazi kikali ziwa linapopungua, waliona soko lina njaa nao wakaanza kazi mapema, katikati ya kipupwe. Mnaijua baridi ya Singida mwezi wa saba, ule upepo unaopita kwenye blanketi kama halipo. Mama zao hawakuwahi kuchemsha chumvi majira hayo. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Jina lake sitalitaja hata leo, kwa maana mkwe hatajwi.

Soko moja likapita, na kesho yake mji ukaharibika matumbo. Sitaki kusema mengi, mko kwenye chakula labda. Nitasema tu kwamba kila aliyekula mlenda wa jana yake alijua njia fupi ya kwenda vichakani, na karani wa mahakama ya jumbe aliondoka mbele ya washitaki wawili bila kuaga. Hakufa mtu. Lakini watoto walilegea, wazee walilala kitandani, na watu wakaanza kutafuta aliyefanya hivyo. Wakafuatilia mboga, wakafuatilia maji, mwisho wakafika kwenye chumvi, na kutoka kwenye chumvi wakafika kwenye kapu la mama mkwe.

Jumbe akapiga marufuku chumvi yote ya ziwa. Kapu likaletwa boma likiwa limefungwa kwa kamba kama mwizi. Maneno yakaanza kwamba yule mama ametia dawa ya josho, ile ya kuulia kupe, ili auze yeye peke yake wenzake washindwe. Dawa ile ilikuwa na aseniki, na kila mfugaji alijua inavyoua. Siku ya soko lijalo pangekuwa na baraza, na kama boma lingesema chumvi ile ni mbaya, yule mama angetoka pale na jina la mtoa sumu. Jina la namna hiyo, wajukuu zangu, halifutiki. Linarithiwa na binti. Na binti mwenyewe alikuwa mke wangu.

Jioni ile mke wangu Eliza alinitengea ugali. Nilipomaliza akasema, "Nyumbani wanasema mkwe wao ndiye aliyeandika ile marufuku."

"Mimi siandiki marufuku. Mimi napima."

"Basi pima vizuri," akasema, akachukua sahani.

Bwana Daktari, Mzungu wetu, alikuwa mtu wa haki. Aseniki aliipima mwenyewe, hakumwachia mtu. Alichemsha chumvi ile na asidi pamoja na kipande cha shaba kilichosuguliwa, kwa sababu aseniki ikiwepo shaba inageuka nyeusi. Tulisimama wote tunaitazama. Shaba ilitoka inang'aa vilevile. Nilitaka kucheka kwa furaha, lakini sikuthubutu.

"Si sumu," Daktari akasema. "Sasa niambieni ni nini."

Tukaanza. Mwali, njano. Nitreti ya fedha, maziwa yaliyokatika: kloridi ipo, chumvi ya kawaida ya mezani ipo. Asidi, povu kidogo. Kisha bariamu. Vijana, sijawahi kuona weupe kama ule. Testityubu nzima ilijaa, ukadhani mtu amemimina uji. Salfeti, na si ya kubahatisha. Sodiamu na salfeti wakioana ndio wanaozaa haluli, ile chumvi ya kufungua tumbo ambayo hospitali ilikuwa inawapa watu kwa kijiko. Mji mzima ulikuwa umekunywa haluli ndani ya mlenda.

Mzee Salimu akaguna, "Kumbe wametibiwa bila kuugua."

Daktari hakucheka. Alisema kama salfeti inatoka kwenye ziwa lenyewe, basi hana budi kuwaambia wakubwa walifunge ziwa lisichemshwe tena. Nikaona hili ni baya kuliko lile la kwanza. Jina la mama mkwe lingepona, lakini wanawake wa ziwa wote wangebaki mikono mitupu, na wote wangesema imeanzia kwa nani.

Hapo nikakumbuka kwamba jikoni kwangu kulikuwa na chumvi ya mama mkwe ya kiangazi kilichopita, aliyompa binti yake. Nilikimbia kuichukua. Eliza akaniuliza naipeleka wapi, nikamwambia, "Naenda kumtetea mama yako na chumvi yako." Tukaipima. Asidi kwanza, bariamu baadaye. Kikaja kiwingu chepesi tu, kama pumzi kwenye kioo. Ziwa lilelile, mikono ileile, chungu kilekile pengine, na salfeti karibu haipo. Basi kosa halikuwa ziwani. Kulikuwa na kitu alichokifanya mwaka huu ambacho hakukifanya mwaka jana.

"Kamwulize," Daktari akasema.

Mzee Salimu akanitazama akaangua kicheko. Mzungu hakujua anachokitaka. Mkwe na mama mkwe, kwa desturi za kule, hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkononi, na hawasemezani ana kwa ana. Ukimwona njiani unaingia porini. Mimi miaka ile nilimjua mama mkwe wangu kwa kisogo na kwa sauti.

Tulikwenda na Eliza. Mimi nikasimama nje, nyuma ya ukuta wa tembe, mama mkwe akakaa ndani, Eliza akasimama mlangoni katikati yetu. Ukuta wenyewe ulikuwa wa udongo na fito, na kila mtu alimsikia kila mtu.

"Shikamoo mama," Eliza akasema. "Huyu ana swali."

"Marahaba. Mwambie huyo mume wako kapu langu limelala boma kama mfungwa."

Eliza akanigeukia. "Anasema kapu lake..."

"Nimesikia. Mwambie tumepima, hakuna sumu. Ila namwomba atueleze anavyoipika chumvi ya mwaka huu."

"Mama, anasema..."

"Nimemsikia. Mwambie chumvi inapikwa kama ilivyopikwa na mama yangu. Anataka nimfundishe kupika?"

Tukaenda hivyo kwa muda mrefu. Alieleza jinsi wanavyokwangua udongo wa chumvi ufukoni, wanavyoutia kwenye chungu kilichotobolewa kitako, wanavyopitisha maji, na wanavyochemsha yale maji mpaka chumvi ianze kuonekana ndani ya maji ya moto. Yote nilikuwa nayajua. Nilianza kukata tamaa. Mzee Salimu, ambaye alikuwa amekuja nami na hakuwa mkwe wa mtu pale, akapaza sauti, "Mama, mficha uchi hazai! Mwaka huu umeongeza nini?"

Kisha mama mkwe akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya nyumba, "Sikuongeza. Mungu ndiye aliyeongeza. Mwambieni aone munyu wa baraka."

Eliza akatoka na kitambaa. Ndani yake kulikuwa na vipande virefu, vingine vyeupe kama unga, na viwili bado vinang'aa kama kioo cha taa. Mama mkwe akaeleza kwamba kwenye kipupwe akiacha yale maji yaliyochujwa nje usiku kucha, asubuhi anakuta chini ya chungu vimeota vioo hivi. Chumvi bila kuni! Kuni zilikuwa mbali, na migongo yao ilikuwa inauma. Basi akavikusanya, vikakauka juani vikawa unga mweupe kuliko chumvi yoyote, akavichanganya na ile ya kuchemsha. Kwa uzuri wake aliviita munyu wa baraka, yaani chumvi ya baraka.

Nilitaka kurukaruka. Wakati mwingine jibu linakaa mkononi mwa mtu na yeye mwenyewe analipamba jina. Nikakitia kioo kimoja mfukoni, nikaomba na chungu cha yale maji yaliyobaki baada ya vioo kutolewa. Eliza akaniletea bila swali.

Boma tulipima mbele ya Daktari. Kioo kilipopashwa moto kwenye testityubu kiliyeyuka ndani ya maji yake yenyewe, na matone yakajaa kwenye shingo ya testityubu. Nitreti ya fedha ilitoa ukungu tu. Bariamu ikatoa uji. Salfeti tupu! Kisha tukayachemsha yale maji yaliyobaki, tukatoa chumvi ingali moto, tukaisuuza kidogo, tukaipima. Asidi. Bariamu. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, testityubu ilikuwa na kiwingu chembamba kuliko hata kile cha chumvi ya kiangazi.

Mwaelewa? Baridi ilikuwa inaitoa haluli nje ya maji usiku, inaiweka chini ya chungu kama takataka zilizofagiliwa. Mama mkwe alikuwa amegundua njia ya kusafisha chumvi kuliko mama yake na bibi yake. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba alizirudisha takataka kapuni kwa kuwa zilikuwa nzuri.

Daktari alikaa juu ya meza, akacheka, akampiga Mzee Salimu begani, akasema kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "Huyu mama, mpishi mkubwa." Kisha akasema hatasoma majibu kwa karatasi. Watu waone kwa macho yao.

Siku ya soko uwanja ulijaa. Jumbe alikaa kwenye kiti, Daktari pembeni yake, Mzee Salimu na mimi nyuma ya meza yenye testityubu. Wanawake wa ziwa walisimama upande mmoja na nyuso zilizofungwa. Nikaeleza kwa sauti, bila kumtazama mama mkwe, nikiwa nimeelekeza uso kwa jumbe. Nikatia chumvi ya kapu, asidi, tone la bariamu, weupe ukashuka, na watu wakapiga mayowe. Nikatia ile mpya iliyotolewa vioo, asidi, tone, na maji yakabaki karibu safi. Mzee mmoja mfugaji akasema ni mazingaombwe, kila siku serikali ina mazingaombwe.

"Basi atie mwingine," nikasema.

Hakuna aliyesogea. Kisha nikasikia hatua, watu wakapisha, nami nikageuza uso haraka nikatazama mlima. Mzee Salimu akamwekea mama mkwe mkononi kile kibomba chembamba cha kudondoshea bariamu, akamwambia asiguse mdomo. Sikumwona. Nilisikia tu uwanja wote ukilipuka kwa kelele: maji yalikuwa yamebaki safi mkononi mwake pia. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa mnadani wakashtuka wakakata kamba. Jumbe akasimama, akasema marufuku imekwisha na yule mama hana kosa, na kwamba kuanzia leo vioo vya baridi visichanganywe na chumvi ya chakula. Nililia, vijana. Nililia nikiutazama mlima ule, na Mzee Salimu akaniambia nijifute, jasho langu linajulikana lilivyo.

Soko lililofuata nilikwenda kununua mtama, nikasikia sauti ninayoijua upande wa pili wa ukuta wa duka. Nikasimama palepale, kama desturi inavyotaka. Mama mkwe alikuwa na makapu mawili. Chumvi ya baridi hakuitupa, yeye si mtu wa kutupa kitu. Hospitali ilikuwa imechukua kapu zima, na salio alilileta mwenyewe sokoni, limefungwa peke yake kwenye majani.

"Huu munyu wa mboga!" alikuwa anaita. "Na huu wa kufungua tumbo, usiutie kwenye mlenda! Nani anasema sijui chumvi yangu? Mnaona kule nyuma ya ukuta, yule mwenye vidole vyeusi anayejificha? Sina ruhusa kumtazama, lakini ninyi mtazameni! Huyo ndiye mkwe wangu!"